Muulize Bi Fundi: Mwenye baiskeli ashike spana

Toleo lililopita niligusia kwa mistari mitatu karakana yetu ya kujitolea hapa Ngamiani, Tanga, nikadhani nimemaliza. Mhariri ameniletea bahasha mbili zimejaa barua. Kumbe kila mji una banda tupu na vijana watatu wenye spana moja. Nimechagua saba. Mlioniuliza habari za pikipiki mniwie radhi, mambo ya injini siyajui na sitaki kuyajua.

Kwa wasionifahamu: marehemu mume wangu alikuwa fundi baiskeli chini ya mkungu, kwenye mojawapo ya zile barabara zetu za namba. Mimi nilianza kwa kumshikia gurudumu akikaza spoku, nikaishia kumpita kwa kunyoosha ringi, ingawa hakuwahi kulikubali hilo mbele ya watu. Alifariki 2011. Karakana tuliianza majirani sita, mwaka 2014, katika banda lililokuwa la kuku.

SWALI: Shikamoo Bi Fundi. Tuko vijana wanne hapa Kahama. Parokia imetupa chumba chenye mlango mkubwa. Tunataka kuwatengenezea watu baiskeli bure kila Jumamosi. Tuanze na vifaa gani?
*Kijana wa Kahama*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Vifaa nitavitaja, lakini kuna neno moja katika barua yako limenishtua: “kuwatengenezea”. Sisi nasi tulianza na neno hilo hilo, nusura lituzike.

Jumamosi ya kwanza tulitundika kibao: Matengenezo ya baiskeli, bure. Kufika saa nne asubuhi baiskeli 37 zimelala uani na wenyewe hawapo. Wamezibwaga, wakaenda zao soko la Mgandini. Tukakaa na baiskeli za watu kama wachunga mbuzi wa kulipwa, ila malipo hakuna. Magharibi mmoja akarudi, akaizunguka baiskeli yake, akauliza mbona hatukuiosha. Usiku ule tulibaki na taa ya chemli na baiskeli kumi na moja ambazo hazijaguswa. Jumamosi ya pili, kati yetu sita tulifika watatu.

Tukakishusha kibao, tukaandika kingine ambacho kipo hadi leo: Mwenye baiskeli ashike spana. Ukija na baiskeli, wewe ndiye unayeifungua. Sisi tunasimama pembeni, tunakuonyesha, tunakushikia, tunakukemea ukilazimisha nati. Asiyetaka kuchafua mikono tunamwelekeza kwa fundi wa mtaani, atamfanyia vizuri, naye atamlipa fundi haki yake.

Wiki hiyo walikuja tisa tu. Mmoja alikuwa mzee aliyefanya kazi ya mkonge Amboni, mwenye baiskeli ya chuma aliyoipanda miaka thelathini bila kuona ndani ya habu yake, kile kitovu cha gurudumu. Tulipoifungua ya nyuma, goroli zikamwagika kwenye sinia. Akazihesabu kwa sauti, upande wa kulia tisa, wa kushoto nane. Akaniuliza, “Ya tisa iko wapi?” Nikamwambia imeshasagika, ndiyo hiyo umekuwa ukiisikia inalia tangu mwaka jana. Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo mzee yule ndiye fundi wetu wa habu, na hakuna anayemwongopea hesabu ya goroli.

Sasa vifaa. Usinunue sanduku la spana linalong’aa, lile lenye vipande mia. Ukikaza nati tatu midomo yake inaachama kama ya samaki wa jana. Nunua spana chache nzito, hata za mtumba: kuanzia namba nane mpaka kumi na saba, na zile za kumi na tatu, kumi na nne na kumi na tano ziwe mbili mbili, kwa sababu koni (ile inayobana goroli ndani ya habu) na nati yake hukazwa kwa kupingana, mkono huu unashika, ule unazungusha. Spana ya koni lazima iwe nyembamba. Ukiikosa dukani, peleka spana kuukuu kwa mchomeleaji akuchongee kwa grinda. Ongeza ufunguo wa spoku, kifaa cha kusukuma pini ya cheni, jiliwa, tupa, nyundo, beseni la maji, msasa na gundi ya pancha. Pampu ziwe mbili, maana ya kwanza itatoka uani na watoto na hutaiona tena. Ile spana ya kupanua na kubana, ambayo mafundi wameipa jina nisiloweza kuliandika gazetini, iwe moja tu na ukae nayo wewe. Vijana wakiizoea wanavuruga pembe za kila nati.

Stendi ya kuinulia usinunue. Funga kamba mbili kwenye boriti ya dari, moja ichukue kiti, nyingine usukani. Baiskeli itaning’inia kifuani pako na mgongo wako utakushukuru.

Na tafuta kipande cha bomba la chuma kama urefu wa kutoka sakafuni mpaka kwenye krenki, ule mkono unaobeba pedeli. Huko kwenu najua bado mna baiskeli nyingi za krenki za pini. Pini hiyo ukiigonga ikiwa hewani, nguvu yote ya nyundo inakwenda kwenye goroli za katikati, zinachimba vishimo kwenye vikombe, na baiskeli uliyoitengeneza leo itaanza kukwaruza wiki ijayo. Egemeza krenki juu ya bomba, rudisha nati mpaka ilingane na ncha ya pini ili uzi usife, halafu gonga mara moja, kwa nguvu. Mwoga anayegonga kidogo kidogo ndiye anayeipinda.

SWALI: Bi Fundi, mumeo alikuwa fundi kama mimi. Nina watoto wanne na mti wangu wa mwarobaini. Vijana wamefungua karakana ya bure, hata mita mia haifiki kutoka kwangu. Wanaziba pancha bure. Pancha ndiyo unga wangu. Wewe unayesifia karakana hizi unasemaje?
*Fundi wa mwarobaini, Dodoma*

JIBU: Fundi mwenzangu, sina la kujitetea, maana nilikosea kosa hilo hilo.

Mwezi wa pili tangu tufungue, alikuja kijana aliyejifunza kazi kwa mume wangu. Ana kijiwe chake barabara ya pili kutoka hapa. Akaweka sanduku lake la vifaa barazani kwangu, akasema kwa adabu kabisa, “Bi mkubwa, nipe na mimi kazi, maana yangu umeichukua.” Nilikuwa na sahani ya wali mkononi. Sikuumaliza.

Tulikaa naye, tukawaita na mafundi wengine watatu wa mitaa ya jirani, tukapatana. Karakana haizibi pancha. Anayekuja na pancha tunampeleka kijiweni. Karakana inafungua Jumamosi peke yake, basi. Haiuzi tairi wala tyubu. Nasi tukawaambia mafundi: goroli, grisi, nyaya za breki na cheni tuagize pamoja kwa muuzaji wa jumla, kila mtu achukue fungu lake kwa bei ya jumla. Hilo la mwisho ndilo lililowalainisha, nisikufiche. Fundi mmoja anayenunua cheni moja moja anakamuliwa na kila duka.

Lingine lilizua ugomvi. Mlangoni tuna kopo la maziwa ya unga, anayetoka anatia alichojaliwa. Nilisema kijana yule aje kila Jumamosi kufundisha kunyoosha ringi na alipwe kutoka kwenye kopo. Sisi wengine wote tunajitolea, yeye analipwa. Mwenzetu mmoja akasema hiyo si haki, akaondoka, na hajarudi. Nilimwacha aende. Sisi wengine tuna mshahara au pensheni au waume au watoto wanaotuma chochote. Yule akija kwetu Jumamosi kijiwe chake kimefungwa. Kumwita mtu wa namna hiyo ajitolee ni kumpora kwa maneno matamu.

Wapelekee vijana hao ukurasa huu. Wakikataa kusoma, waulize ni nani aliyewanyooshea ringi walipokuwa darasa la nne.

SWALI: Shikamoo bibi. Pedeli yangu ya kushoto imekatika. Nimejaribu kuifungua kwa spana mpaka nimechubuka, kaka yangu naye ameshindwa. Je, imeshikana kwa kutu?
*Mwanafunzi wa kidato cha pili, Masasi*

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Huenda kutu ipo, lakini kosa ni kwamba mnaikaza. Uzi wa pedeli ya kushoto umegeuzwa, makusudi, ili isijifungue ukiwa unakanyaga. Simamisha spana iangalie juu. Ukiivuta kuelekea gurudumu la nyuma inalegea, ukiisukuma kuelekea la mbele inakaza. Ni hivyo hivyo pande zote mbili, kulia na kushoto, kwa hiyo huna haja ya kukariri saa wala kinyume cha saa. Ukinunua mpya, tazama herufi kwenye ncha ya ekseli, L ni ya kushoto. Ukiilazimisha ya kulia upande wa kushoto utaua uzi wa krenki, na krenki ni ghali kuliko pedeli. Mwambie kaka yako apumzike.

SWALI: Asalaam aleikum Bi Fundi. Mimi ni mzaliwa wa Chumbageni, sasa naishi Boston, Marekani. Huku kuna watu wanaoitwa Bikes Not Bombs, walianza mwaka 1984 kwa kukusanya baiskeli kuukuu na kuzipeleka Nicaragua. Wana mafunzo ambayo kijana anatengeneza baiskeli, akimaliza anaondoka nayo. Nimehamasika. Rafiki zangu wako tayari kujaza kontena zima la mitumba kwa ajili ya karakana yenu. Nitume?
*Mwana wa Chumbageni, ughaibuni*

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Mungu akulipe kwa kutukumbuka. Hilo la kijana kuondoka na baiskeli aliyoitengeneza mwenyewe limenipendeza kuliko kontena. Kontena usitume kwanza. Ngoja nikueleze, usinichukie.

Miaka michache nyuma mfadhili mmoja alituletea baiskeli ishirini. Za watoto ziliisha siku moja, na ugomvi juu. Zilizobaki kumi na moja zilikuwa za tairi nyembamba, zile za mashindano. Nzuri, nyepesi, unainua kwa kidole. Moja ilipelekwa Sahare, ikazama kwenye mchanga mpaka mpandaji akashuka akaibeba. Vali zake nazo ni zile nyembamba zenye kinati juu, pampu zetu haziziwezi bila kile kikofia cha shaba. Na tairi ikipasuka, tafuta mji mzima. Mpaka leo nne zimening’inia ukutani, zinaliwa na hewa ya chumvi. Nyingine tumezivua viungo vyote.

Ukitaka kusaidia kweli, jifunze kusoma ubavu wa tairi. Watu wanasema “ishirini na sita” wakadhani wamemaliza. Tairi ya 26 x 1 3/8, ya baiskeli za kike za zamani, ukitazama namba ndogo imeandikwa 37-590. Tairi ya 26 x 1.95, ile nene ya baiskeli za milimani, imeandikwa 50-559 au karibu na hapo. Zote zinaitwa ishirini na sita, na kati ya ringi hizo mbili kuna tofauti ya milimita 31. Haiingii hata ukiipaka sabuni. Vivyo hivyo baiskeli zetu za chuma za ishirini na nane: ringi yake ni 635, na hizo za mashindano za kwenu ni 622. Milimita kumi na tatu tu, lakini nimeona mtu mzima akilia nazo. Hiyo namba ya mwisho, yenye tarakimu tatu, ndiyo ukweli. Hizo za inchi ni majina ya utani.

Kwa hiyo kama kontena ni lazima lije, lije na 559 za tairi nene, zisizo na shokapu mbele (zikifa hazifufuki huku), zenye gia chache ili cheni isiwe ile nyembamba kama mkufu wa bibi harusi. Na kabla meli haijang’oa nanga, andikeni kwenye karatasi nani atalipa bandarini, ushuru na gharama za kontena kukaa. Hapo ndipo zawadi nyingi hugeuka deni la mpokeaji.

Lakini mimi ningekuomba begi moja tu, la mtu anayekuja likizo. Utie funguo za kutolea friwili, ile gia ya gurudumu la nyuma, kila aina uionayo, maana kila kiwanda kina meno yake na huku tunaishia kuzigonga kwa patasi. Utie spana za koni za kweli. Utie nyaya za breki. Kipimo cha cheni usilete, rula ya shule inatosha: kila jozi ya viungo ni inchi moja, pima inchi kumi na mbili kutoka pini hadi pini. Pini ya mwisho ikipita alama kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, cheni imechoka, badilisha. Ikipita kwa sehemu moja ya nane, ujue imekwisha kula na meno ya friwili, utabadilisha vyote. Nimewafundisha hivyo watoto wa darasa la tano na sasa wanawapimia baba zao cheni bila kuombwa.

SWALI: Tulianza watu kumi na wanne. Wakaja, wakapiga picha, wakaziweka mtandaoni. Sasa tuko wawili. Tukate tamaa?
*Mratibu, Moshi*

JIBU: Kwetu Tanga tuna msemo wa mji: waja leo waondoka leo. Watu huutaja kwa mahaba, mimi huutaja kila Jumamosi saa tano. Wawili wanatosha, baiskeli ina magurudumu mawili. Acha kuhesabu waliokwenda. Kila anayebaki mpe kitu kimoja kiwe chake kabisa. Kwetu mmoja ana chupa za goroli, hakuna anayechukua bila kumwambia. Mwingine ana daftari, mwingine ana ufunguo wa mlango. Mtu huona haya kukosa mahali penye kitu chake. Na pawe na chai. Sisi tunakula mihogo na chachandu saa nne na nusu, kazi inasimama, hata mwenye haraka anasubiri. Kuna vijana wawili ambao nina hakika wanafuata mihogo. Sijali, mmoja wao sasa anafunga gurudumu zima peke yake, kutoka spoku ya kwanza.

SWALI: Bi Fundi, naandika kwa uzito. Karakana yetu ilimsaidia mvulana kufunga gurudumu la mbele. Kesho yake likachomoka mteremkoni. Amevunjika mkono. Wenzangu wanasema tulijitolea tu, hatuna lawama. Mimi silali.
*Mwalimu, Bukoba*

JIBU: Usilale, mwalimu. Nami sikulala.

Kwetu ilikuwa 2016. Mtoto wa miaka kumi na miwili, mpole, alikuja na baiskeli ya kaka yake. Nati moja ya gurudumu la mbele ilikazwa kwa vidole, ikasahauliwa. Mimi ndiye niliyetakiwa kuitazama mwisho, na saa hiyo nilikuwa nabishana na mtu kuhusu sukari ya chai. Akafika kwenye tuta, gurudumu likaegemea upande, akaanguka kwa mdomo. Meno mawili ya mbele, ya ukubwani.

Nilikwenda kwao jioni ile. Wenzangu waliniambia nisiende, nitaonekana nimekiri kosa. Nilikuwa nimekosa, sasa nisikiri kwa nini? Mama yake hakupiga kelele. Aliniuliza swali moja: “Nani aliikaza?” Tulikuwa watu saba karakanani siku hiyo, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyejua. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko damu. Gharama ya hospitali tuliilipa kwa kopo na kwa kuchangishana, lakini jibu la swali lake sikuwa nalo.

Jumatatu tukanunua daftari. Tangu hapo kila baiskeli inaandikwa: imeguswa nini, nani amesimamia, nani amekagua. Aliyesimamia hakagui, jicho lililofanya kazi haliwezi kuona kosa lake. Anayekagua anaanza mbele. Anainua gurudumu la mbele, anapiga tairi ngumi kutoka juu, likishuka hata nywele halitoki. Anaweka spana kwenye nati zote nne za magurudumu, hata kama ameambiwa zimekazwa. Anabana gurudumu la mbele kwa magoti, anajaribu kuzungusha usukani. Anashika breki ya mbele na kusukuma baiskeli, halafu ya nyuma. Anatikisa krenki kwa pembeni. Akiridhika anafunga uzi mwekundu kwenye usukani. Baiskeli isiyo na uzi haipiti lango, hata iwe ya sheikh. Kijana mmoja alijifunga uzi mwenyewe ili aondoke haraka. Tulimrudisha kutoka nje kama mwizi wa kuku.

Kuna tunazozikataa kabisa. Uma wa mbele wenye ufa, au uliokwishapinda ukanyooshwa, hatuugusi, na hatukubali uje umechomelewa kwa sababu mchomeleaji wa mageti amesema utashika. Watu hukasirika. Mmoja aliniambia tunaringa. Na kwenu Bukoba penye mvua, waambieni wenye ringi za chuma zinazong’aa kwamba zikilowa breki inateleza, waanze kushika mapema, kabla mteremko haujawashika wao.

Nenda kwa mvulana yule. Nenda na mtu mmoja, si kundi. Mpeleke na aliyefunga gurudumu ikiwa mnamjua, lakini wewe uongee kwanza.

Yule mtoto wetu ana miaka ishirini na zaidi sasa. Hakurudi karakanani, na simlaumu. Tukikutana njiani hunisalimu, hucheka mdomo umefungwa.

SWALI: Bi Fundi, mume wangu alifariki miaka mitatu iliyopita. Baiskeli yake, Raleigh ya zamani, imeegemea ukuta wa chumba chetu tangu siku hiyo. Wanangu wanasema niwape wanunuzi wa vyuma chakavu. Mimi nafikiria kuwapa ninyi karakanani, lakini kila nikiigusa naahirisha. Nifanyeje?
*Mjane, Pangani*

JIBU: Dada yangu, pole. Wa vyuma chakavu usiwape, wanapima kwa kilo.

Yangu pia ipo. Ina spoku 32 mbele na 40 nyuma, kama zilivyokuwa zile za Kiingereza za zamani, na keria aliyoipinda mwenyewe siku aliyonileta kutoka hospitali na mtoto wa pili. Watu walisema niianzishie karakana, iwe ya kujifunzia. Nikakataa. Karakana ina baiskeli nyingi, hiyo haikuhitajika.

Kwa hiyo usitupe, bado. Ila usiiache ikae juu ya tairi zilizoisha upepo, mpira unavunjika pale pale ulipokunjika na mwaka wa nne hutaziokoa. Ipindue leo, iegemee kiti na usukani, magurudumu juu. Jaza upepo. Vali yake nadhani bado ni ile ya kimpira. Kama kimpira kimekauka kata kipya. Chukua kitambaa chenye oili ya cherehani, pitisha kwenye cheni na kwenye vyuma vyote vinavyong’aa, maana Pangani na sisi tunavuta hewa moja ya chumvi. Zungusha pedeli kwa mkono usikie. Ikilia, goroli zimekauka tu, hazijafa.

Ukiwa tayari, panda basi Ijumaa uje nayo juu ya keria, ulale kwangu. Jumamosi tunafungua saa mbili. Utaifungua habu mwenyewe, mimi nitakushikia gurudumu, na yule mzee wa Amboni atakuhesabia goroli. Jioni utaamua kama inabaki au unarudi nayo. Njoo na kanga usiyoipenda, grisi haitoki.